Nguruwe aliyejeruhiwa: mwache alale kwanza

Nikivaa kaptura watu huuliza juu ya kovu lililo kwenye paja langu la kushoto, nami huwajibu kwamba panga iliteleza. Ukweli ni kwamba nilichanwa na nguruwe mwitu, ndani ya kichaka kilicho hatua kama mia mbili kutoka shamba langu, huku juu ya Elburgon, na makosa yote yalikuwa yangu.

Niseme jambo la sheria mapema, kwa sababu najua kuna watakaolisoma hili wakinoa mikuki. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 haikulegeza chochote, na kumwinda mnyama kwa ajili ya kitoweo ni kosa vilevile, hata kama amekumalizia viazi. Kutega waya pia ni kosa. Kwa hiyo sifundishi mtu kuwinda. Lakini sisi tunaoishi kando ya msitu wa Mau tunajua kwamba wanyama hujeruhiwa kila msimu: mmoja amekata kitanzi na kuondoka nacho mguuni, mwingine amegongwa na lori la mbao usiku, mwingine ametafunwa na mbwa. Mwingine, kama wangu, amechomwa na mwenye shamba mwenye hasira. Na kesho yake alfajiri kuna mama atakayeingia kichaka hicho hicho kutafuta kuni. Mtu lazima ajue mnyama huyo yuko wapi.

Usiku wangu ulikuwa hivi. Mahindi yalikuwa yameanza kukomaa, na kwa siku nne mfululizo nilikuwa nakuta mabua yamelazwa, magunzi yametafunwa ovyo, na mabonge ya makapi yametemwa chini. Nyani huiba mchana na huondoka na mahindi mkononi. Nungunungu hukata bua kwa chini kama aliyetumia patasi. Haya ya kutafuna na kutema, na udongo kuchimbuliwa kwa pua kama uliopitiwa na plau, ni ya nguruwe. Siyo ngiri, maana ngiri hutembea mchana na akikimbia mkia wake husimama kama ariali ya redio. Nguruwe mwitu huja usiku, na familia yake, na mkia wake huning'inia.

Niliwavizia na tochi na mkuki wa marehemu baba. Wa mwisho kutoka nikampata begani, upande wa kulia. Alipiga ukelele mmoja, akavunja ua, akapotelea kwenye vichaka vilivyoota baada ya sipresi kukatwa. Niliona damu kwenye majani, nikaona nimeshinda. Nikawaachilia mbwa wawili na kuingia nyuma yao nikikimbia.

Sikumwona kabisa. Mbwa mmoja alirudi kwa kasi akanipita katikati ya miguu, na kilichokuwa kinamfukuza kikanipita pia. Nilihisi kama mtu amenipiga kwa fimbo. Nilipoangaza tochi nikaona suruali imefunguka na nyama ndani ni nyeupe, kabla damu haijaanza kutoka. Chonge za chini za nguruwe mwitu si ndefu, hata huzioni vizuri mdomo ukiwa umefungwa, lakini zinasuguana na za juu kila anapotafuna, kwa hiyo hujinoa zenyewe maisha yake yote.

Hospitalini daktari wa zamu alikataa kushona usiku ule. Nilimnung'unikia, nikidhani ananidharau kwa kuwa nilinuka matope. Baadaye nikaelewa: jeraha la mnyama ni chafu, ukilifunga haraka unafungia uchafu ndani. Alilisafisha kwa maji mengi na sabuni, akanidunga sindano ya pepopunda, akaanza na za kichaa cha mbwa, na kidonda kikaachwa wazi kwa siku kadhaa kwanza. Ukichanwa, usipake majivu wala kahawa. Funga kwa nguvu kwa kitambaa safi, nenda.

Jirani yangu ni mzee Mwogiek aliyekulia ndani ya msitu huu, kati ya mizinga ya nyuki ya baba yake. Alikuja kunijulia hali, akakaa kimya mpaka chai ikaisha. Kisha akauliza, "Ulimfuata papo hapo?"

"Ndiyo, mzee. Nilikuwa naona damu."

"Basi ni wewe uliyemwambia ageuke."

Ilinichukua muda kuelewa, na hilo ndilo jambo kubwa ninalotaka kukuachia. Mnyama aliyeumia, asiposikia mtu nyuma yake, haendi mbali. Huingia kichaka cha kwanza kizito anachokiamini, hulala, na mwili hukakamaa. Kama jeraha ni la kumuua, atafia hapo. Kama si la kumuua, atapumzika na utajua alipo. Lakini ukimkimbilia, unampa nguvu ambazo hakuwa nazo. Ama atavuka mabonde matatu na utampoteza, ama atachoka kukimbia na kukusubiri. Mahali pa kukusubiri atapachagua yeye.

Kwa hiyo subiri. Usiku usiingie hata kidogo, ngoja kupambazuke. Mchana, saa nzima si nyingi. Kama ameumia tumboni, mzee husema ngoja mpaka nusu siku ipite. Kitu kimoja tu kinaweza kukuharakisha, nacho ni mvua, maana huku Mau ikinyesha alasiri damu yote huoshwa. Hapo weka alama mwanzo wa njia ukiwa nje ya kichaka, uone ameelekea wapi, halafu rudi nyuma.

Mwaka uliofuata nilipata nafasi ya kuona kazi hiyo ikifanywa sawasawa. Nguruwe dume alikata kitanzi alichotegewa na watu fulani (tunawajua, nao wanajua tunawajua) na akawa anarandaranda karibu na njia ya watoto wa shule. Chifu aliarifiwa, askari wawili wa KWS, shirika la serikali la wanyamapori, wakaja na bunduki, na mzee akaombwa awaongoze. Mimi nilibeba maji.

Jambo la kwanza nililoliona ni mgawanyo wa macho. Mzee alitazama chini tu. Askari wa kwanza alitazama mbele tu, na hakuruhusiwa kuinamia damu hata ikiwa nzuri namna gani. Wa pili alitazama kando na nyuma. Mimi usiku ule nilitaka kufanya yote matatu na tochi moja! Walitembea kando ya njia ya mnyama, hawakuikanyaga. Hatua tatu, wanasimama, wanasikiliza. Hakuna aliyezungumza, walionyeshana kwa mikono.

Mzee alikuwa na soksi kuukuu yenye majivu. Kila mara aliigonga kwa kidole, akatazama vumbi linaelekea wapi. Nguruwe haoni vizuri, lakini pua na masikio yake ni ya ajabu. Upepo ukimpelekea harufu yako, amekujua kabla hujamjua. Tulizunguka mara mbili ili tu upepo uje usoni.

Kila alipopata tone la damu alifunga ganda la hindi kwenye tawi, usawa wa kifua. Nilidhani ni mapambo ya kizee mpaka tulipopoteza njia. Akageuka nyuma, akatazama maganda yale yalivyojipanga, na mstari wenyewe ukamwonyesha pa kuendelea. Ukipoteza alama kabisa, mtu mmoja abaki amesimama kwenye tone la mwisho, mwingine azunguke taratibu kwa duara ndogo, kisha kubwa kidogo. Mkitawanyika wote mnatafuta, mtakanyaga kila kitu na mtakuwa mnafuata nyayo zenu wenyewe.

Damu inasema, ila kwa nguruwe inasema kidogo. Ngozi yake ni nene na mafuta yaliyo chini yake huziba tundu, hivyo unaweza kuona damu nyingi hatua za mwanzo na baada ya hapo kukauka kabisa. Usidhani amepona. Damu nyekundu ang'avu yenye povu imetoka mapafuni, na mwenye nayo hayuko mbali. Nyeusi nzito ni ya ini au ya nyama ya ndani. Ukiona umajimaji wa kijani wenye harufu mbaya, hilo ni tumbo, na hapo ndipo subira yako inapopimwa. Tazama pia damu imepakwa usawa gani kwenye majani na upande gani. Utajua jeraha liko juu au chini, kulia au kushoto.

Damu ikiisha, mzee alihamia kwenye umande. Asubuhi nyasi huwa na rangi ya kijivu, na alipopita mnyama hubaki mchirizi wa kijani kibichi. Utando wa buibui uliokatika. Jani lililogeuka likaonyesha tumbo lake jeupe. Matope yaliyopakwa kwenye shina, usawa wa goti. Penye udongo laini unaona kwato mbili pana na, nyuma yake, alama mbili ndogo za vidole vya juu. Mguu wenye waya ulikuwa unaburuta ncha, na mguu wa upande wa pili ulizama zaidi kwa kubeba uzito wa wenzake.

Kwenye vichaka vizito nguruwe hutoboa njia kama mapango chini ya matawi, ya kimo chake. Unaweza kushawishika kutambaa humo kwa kuwa njia ni safi. Usithubutu. Mle huwezi kusimama, kugeuka wala kuinua mkono. Mzee alichuchumaa nje ya kila pango na kuchungulia chini ya majani, kwa sababu miguu huonekana kabla ya mwili. Mara ya nne alibaki amechuchumaa muda mrefu. Kisha hata mimi nikasikia: meno yakigongana, kidogo kidogo, kama mtu anayesaga njugu. Hiyo ni onyo, na wengi hulisikia wakati limeshachelewa. Tukarudi nyuma hatua ishirini bila kugeuza mgongo. Askari akahamia upande wa kilima, akasubiri dume ajitokeze kwenye mianzi, akampiga risasi moja.

Vijana walikuwa wamekusanyika na masufuria moyoni. Askari walichoma mzoga na kufukia, na lawama zikawa nyingi. Mimi nafuga nguruwe wanane, kwa hiyo nilifurahi. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapa hapa Kenya, mwaka 1921. Ngiri na nguruwe mwitu huibeba bila kuugua. Ikiingia kwenye banda lako hufagia karibu wote na hakuna dawa. Damu iliyo kwenye gambuti zako inatosha kuileta. Ukitoka kwenye shughuli kama hiyo osha viatu, badili nguo, na usikaribie banda kabla ya kuoga. Nyama yake isiyoiva vizuri ina hatari nyingine kwa mlaji mwenyewe, minyoo ya trikinela inayojificha kwenye misuli.

Sasa sivizii tena. Nimefyeka ukanda wa hatua kumi na tano kati ya msitu na shamba, kwa sababu nguruwe hapendi kuvuka mahali peupe. Viazi nimevihamishia karibu na nyumba. Nimevuta waya wa umeme wa sola, na fundi aliyenifungia mara ya kwanza aliweka waya wa chini kabisa usawa wa goti, wakapita chini yake wakicheka. Nimeushusha ukawa kama shubiri moja kutoka ardhini, pale pua inapogusa. Kazi yake ni kufyekewa nyasi kila wiki, la sivyo umeme unaisha kwenye majani mabichi.

Mwezi uliopita nilikuta nyayo zao kwenye ukanda ule. Zilifika mpaka kwenye waya, zikachimba kidogo, zikageuka. Nilimwita mzee aje kuona. Alizifuata kwa macho mpaka kwenye ukingo wa vichaka, akaonyesha kwa fimbo yake zile za mwisho, za yule aliyekuwa nyuma ya wenzake. Mguu wa mbele wa kulia ulikuwa unakanyaga kwa upande.

"Huyu alishaumia zamani," alisema. "Bega."