Kikao cha Chama Nacho ni Zamu

Agosti ile mkaguzi wa jimbo alipogonga mlango, nilikuwa jikoni, kwenye nyumba yangu ya kutunzia wazee, nasaga chakula cha mzee asiyeweza kutafuna. Wakaguzi huja bila kupiga simu, kwa hiyo kuja kwake hakukunitisha. Dawa zilikuwa kabatini chini ya kufuli, maji ya bomba hayakuzidi nyuzi 120 za Farenihaiti, na mipango ya huduma ya wakazi wote watano ilikuwa imetiwa sahihi. Akafika kwenye faili la mhudumu wangu wa usiku, akapekua, akarudia kupekua. "Saa zake 12 za mafunzo ya mwaka huu ziko wapi, mama?"

Nikamwambia bado, ana mpaka Desemba.

Hapana. Hapa jimbo la Washington, mhudumu mwenye cheti anatakiwa kumaliza saa hizo kabla ya siku yake ya kuzaliwa, na ya yule dada ilikuwa imepita tangu Juni. Kosa likaandikwa. Dada nikamtoa kwenye zamu mpaka amalize masomo, na usiku wake nikaubeba mimi, juu ya mchana wangu. Nilikuwa nalala kwenye kochi la sebuleni na sikio moja wazi.

Kilichoniuma zaidi nilikigundua wiki hiyohiyo, nilipofungua barua pepe za chama chetu cha wenye nyumba hizi ambazo nilikuwa nazifuta bila kuzisoma. Masika ile kulikuwa na kikao mwendo wa dakika 15 kutoka kwangu, na ajenda yake ilikuwa hiyo hiyo: mafunzo ya wahudumu, tarehe zake, na darasa lililoidhinishwa ambalo lingempa yule dada saa kadhaa palepale. Mwaliko ulinifikia. Nilisema sina nafasi.

Ndiyo maana nawaandikia ndugu zangu Wakenya, Watanzania, Wakongo na wengine wa kwetu mliofungua nyumba za kutunzia wazee kusini mwa Seattle, kuanzia Kent hadi Tacoma, na mnaojiandaa kufungua. Tunazijua chama za nyumbani. Usipohudhuria unapigwa faini, na ukifiwa wenzako wanafika kabla ya jua kuzama. Lakini chama cha kazi yetu tunakichukulia kama jambo la watu wenye muda.

Kwa asiyeijua kazi hii: Adult Family Home, ambayo sote tunaiita AFH, ni nyumba ya kawaida ya mtaani yenye leseni ya kutunza wakazi hadi sita. Tangu sheria ya 2020 mtu anaweza kuomba nafasi ya wa saba na wa nane, kwa masharti. Leseni inatoka DSHS, idara ya jimbo ya huduma za jamii na afya. Chama chetu ni Adult Family Home Council, na kazi yake haiishii kwenye chai na mihadhara. Sheria ya 2007 iliwapa wenye AFH haki ya kujadiliana na serikali ya jimbo kuhusu malipo ya Medicaid, ile bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na Council ndiyo inayokaa mezani kwa niaba yetu. Mkataba ni wa miaka miwili, unaanza Julai 1. Kwa hiyo kile kiwango cha siku unachokiona kwenye malipo yako, kuna mtu alikaa akakibishania. Wanaobishana huko wanahitaji kusikia kutoka kwako jinsi usiku unavyokwenda nyumbani kwako.

Najua kikwazo, maana kilinifunga mimi miaka mitatu: nani atabaki na wazee? Huwezi kumwachia nyumba jirani mwema au binti wa shangazi aliyekuja kutembea. Lazima awe mtu aliyekaguliwa rekodi zake, mwenye mafunzo, anayejua mpango wa kila mkazi na mlango wa kutokea moto ukiwaka. Mimi nilianzia hapo. Nilimtafuta mhudumu mmoja wa akiba, nikamwandaa kama wengine wote, na nikaweka saa zake kwenye bajeti ya mwezi pamoja na bima na glavu. Humo humo ndani ya bajeti, ndugu zangu, maana ukisubiri pesa ibaki haitabaki. Tarehe za vikao zikitoka, zinaingia kwenye ratiba ya zamu siku hiyohiyo, kabla ya mtu yeyote kuomba ruhusa ya harusi. Mwanzoni niliona ni gharama. Nikikumbuka nilivyolipa zile wiki za kochi kwa mgongo na usingizi, naona nilichelewa.

Kuna na usomaji wa habari zenyewe. Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea, na WhatsApp za watu wetu zinatupoteza zaidi. Mtu anaandika usiku, "Kanuni imebadilika!", na kufika asubuhi watu 40 wamekwisha kuogopa. Uliza kwanza: imefika hatua gani? Kanuni za jimbo hupita kwenye hati zenye majina, na ukiyajua majina hayo hutatishwa tena. CR-101 inasema tu kwamba idara inafikiria kugusa kanuni fulani, hakuna unachotakiwa kubadili. CR-102 inaleta maneno yanayopendekezwa, pamoja na siku ya kusikiliza maoni ya umma, na huo ndio wakati wa kusema. CR-103 ndiyo kanuni iliyopitishwa, na kwa kawaida inaanza kufanya kazi siku 31 baada ya kusajiliwa. Ipo pia kanuni ya dharura, inayoanza papo hapo na kudumu siku zisizozidi 120. Wakati wa korona hizo tulizizoea.

Nilichokuja kukijutia ni CR-102 nyingi nilizoziacha zipite. Wenye nyumba tunalalamika sana kanuni ikishafika mlangoni, ilhali ilipokuwa njiani kulikuwa na siku, saa na mahali pa kusema. Chama hutangaza siku hizo. Maoni hayahitaji Kiingereza cha wakili. Eleza nyumba yako ina wakazi wangapi na wahudumu wangapi usiku, kisha eleza kanuni hiyo itabadilisha nini saa tisa za usiku mzee mmoja akiwa chooni na mwingine anaita.

Tangazo likifika kwangu sasa nalisoma nikiwa na kalamu. Tarehe ya kuanza naiandika kwenye ubao wa chumba cha dawa, na jina la mhudumu anayehusika kando yake. Siku za kuzaliwa za wahudumu wote zipo hapo pia, na rangi nyekundu miezi mitatu kabla. Matangazo ya biashara, na ni mengi, nayapita.

Kuna habari ambazo hazitubani leo lakini zitatufikia. WA Cares, ule mfuko wa jimbo wa huduma za muda mrefu, unakata asilimia 0.58 ya mshahara tangu Julai 2023, na sheria ilipanga malipo kwa wenye kustahili yaanze Julai 2026, kwa kuanzia hadi dola 36,500 kwa mtu katika maisha yake. Novemba 2024 wapiga kura walikataa pendekezo la kuufanya kuwa wa hiari. Familia zitakuja kutuuliza kama pesa hiyo inaweza kulipia kitanda kwenye AFH na utaratibu ukoje. Afadhali jibu tulipate kwenye kikao kabla binti wa mzee hajauliza mezani kwetu.

Na Olympia, mji mkuu wa jimbo, msiiogope. Bunge la jimbo linafunguliwa Jumatatu ya pili ya Januari, linakaa siku 105 mwaka wa witiri na 60 mwaka wa shufwa, kwa hiyo muda ni mfupi na chama hupanga siku ya kwenda kwa pamoja. Mara ya kwanza nilibeba kurasa mbili za hotuba. Msaidizi wa mbunge alitupa dakika kumi, na mama mmoja wa Kiromania aliyekuwa mbele yangu akazitumia kueleza usiku mmoja tu: mzee aliyeamka mara tano, nani alimwinua, shuka ngapi zilibadilishwa, na kwamba malipo ya siku hayajui mzee kaamka mara ngapi. Yule msaidizi aliandika kila kitu. Kurasa zangu nilizikunja nikazirudisha kwenye mkoba, na mwaka uliofuata nilikwenda na usiku wangu mmoja. Jina la mkazi usilitaje, wala ugonjwa kwa namna itakayomfanya ajulikane. Siri yake inakwenda nawe popote.

Ukienda kwenye mkutano mkubwa, usikae meza ya Wakenya siku nzima. Nawapenda Wakenya wenzangu, ila kazi hii hapa imeshikwa pia na Wafilipino, Waethiopia na Waromania, wengine tangu miaka ambayo sisi tulikuwa bado Mombasa, na wanajua mambo ambayo hayamo kwenye kanuni. Mwisho wa Februari 2020, korona ilipotangazwa kwenye nyumba ya wazee ya Kirkland, mwendo wa nusu saa hivi kutoka kwangu bila foleni, glavu zilitoweka madukani kama chumvi wakati wa vita. Mama mmoja wa Kifilipino, niliyekuwa nimekaa naye meza moja mara mbili tu, aliniachia boksi mbili mlangoni, akarudi garini na kuondoka. Namba yangu ya simu aliipata kwenye karatasi ya mahudhurio.

Ni yeye aliyeniuliza, kwenye kikao kingine miaka miwili baadaye, kama kitanda changu cha dirishani bado kimejaa. Nikamwambia mzee amefariki Jumamosi. Nilikuwa nimekuja na fomu za mkazi mpya kwenye mkoba, kwa sababu kitanda kitupu hakilipi, na mkopo wa nyumba hausubiri matanga. Mzee huyo nilimlisha kwa mkono wangu miaka minne. Binti yake alikuwa anakuja Krismasi.

Aliisogeza chai yake kando. "Dada, chumba umekwisha kukisafisha?"

"Jumapili."

"Mimi hufunga mlango siku tatu," akasema. "Wahudumu wangu wanaingia mmoja mmoja wakitaka. Wakazi pia. Siku ya nne ndiyo natandika shuka."

Hakuna kanuni inayosema hivyo na hakuna mkaguzi atakayekuuliza. Nilirudi nyumbani saa nane mchana, mhudumu wa akiba akanikabidhi funguo, na kabla ya kuvua koti nilikwenda nikaufunga ule mlango. Jioni mkazi wangu wa chumba cha pili aliniomba nimsukume kiti hadi pale. Tulikaa ndani kama nusu saa, mimi na yeye.