Kuhuisha si kuisha: kwa makarani wapya

Ninyi mnaoanza kazi ya masijala hapa Mtwara, neno litakalowasumbua mapema ni kuhuisha, kwa sababu leseni, mikataba na orodha za wakulima wa korosho hazikai muda mrefu bila kulihitaji. Katika mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika kwamba leseni ya chama "imeishwa" badala ya "imehuishwa", na aliyeipokea barua akaelewa kuwa muda wake umekwisha, ilhali chama kilikuwa kimeshalipa ada yote. Silabi moja niliyoiacha iliwagharimu watu safari ya bure.

Tangu hapo nimelishika neno hili kwa asili yake. Kuhuisha kuna mzizi wa Kiarabu uleule uliotupatia hai, uhai na hayati, neno lenye maana ya uhai ambalo sisi tumelitanguliza mbele ya majina ya marehemu. Kuisha, yaani kwisha, ni neno la Kibantu lisilo na udugu wowote na hayo. Kwa hiyo anayehuisha leseni anaitia uhai leseni ileile. Akipewa nyingine, hiyo ni leseni mpya, na tofauti hiyo ina uzito kisheria.

Visawe vyake vipo, ila havibadilishani nafasi ovyo. Kufufua kunahusiana na mfu, kwa hiyo tunafufua shamba la mikorosho lililotelekezwa likageuka pori, lakini mikorosho mikongwe inayopogolewa na kubebeshwa vikonyo, yaani vijiti vya kupandikiza, vya aina bora haikuwa imekufa, nami hapo huandika kuhuisha. Kukarabati ni kwa majengo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyahifadhi. Kuta zilikarabatiwa, hazikufufuliwa, kwani hakuna aliyekusudia kuurudisha mji wenyewe. Kujadidi, yaani kufanya upya, ni neno zuri, nami nalipenda, lakini katika barua ya ofisi wengi hawatalielewa.

Jihadharini pia na nomino uhuishaji, ambayo siku hizi hutumika kwa picha za katuni zinazotembea. Katika kichwa cha barua andikeni "kuhuisha leseni ya biashara", na msomaji hatakwama.