Ukienda kukusanya habari za mgomo, anzia kwenye nyumba

Wengi wanaoanza kazi hii hukimbilia kuulizia risasi zilizopigwa siku ya mgomo. Mzee akiulizwa tu, "Walikuambia nini kuhusu siku ile?", hunyamaza, na mahojiano yameishia hapo.

Chukua mji mdogo wa Honea Path, South Carolina, Marekani. Tarehe 6 Septemba 1934, wakati wa mgomo mkuu wa wafanyakazi wa viwanda vya nguo, watu 7 waliuawa kwa risasi nje ya kiwanda cha Chiquola. Meneja wa kiwanda, Dan Beacham, ndiye aliyekuwa meya wa mji. Mjane angemshtaki nani, kwa nani? Nyumba nayo ilikuwa ya kiwanda: ukipoteza kazi, unafunga virago. Watu wakafyata mdomo, watoto wakakua hawajui kilichotokea. Jiwe la ukumbusho lilisimamishwa mwaka 1995, zaidi ya miaka 60 baadaye.

Kwa hiyo ulizia nyumba. Familia ilikaa wapi, ilihama lini, ilipokelewa na nani? Mpe mzee penseli na karatasi kubwa achore mtaa, nyumba kwa nyumba, na majina ya waliokaa kabla ya mgomo na baada yake. Nyumba iliyobadili wakaaji ghafla mwishoni mwa 1934 ndiyo ya kurudia.

Halafu ingia kiwandani. Kanuni ya serikali ya 1933 ilishusha kazi hadi saa 40 kwa wiki na kuweka kima cha chini cha dola 12 kwa wiki kwa viwanda vya kusini. Wenye viwanda wakajifidia kwa kumrundikia mfanyakazi mmoja mashine nyingi zaidi. Ukiandika "waligomea mshahara" ukaishia hapo, umekosea. Tafuta idadi ya mashine kwa kila mfanyakazi kabla na baada ya kanuni hiyo. Barua ambazo wafanyakazi wenyewe waliiandikia serikali kulalamika zimo kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani, na nyingine zimeandikwa kwa penseli, kwa tahajia ya mtu aliyeacha shule mapema. Zisome kabla ya kusafiri.

Walioshuhudia karibu wote wamekwisha, waliobaki ni watoto na wajukuu. Gawa daftari safu mbili: alichokiona mwenyewe, na alichosikia, kutoka kwa nani. Usihoji ukoo mzima sebuleni. Majirani walisimama pande mbili siku ile, na vizazi vyao vimeoana. Mbele ya shemeji hakuna atakayetaja aliyeshika bunduki. Mhoji mmoja mmoja, na kabla ya kuondoka mwulize jina gani hataki liandikwe.