Jibu: Nembo yenye Kijapani na Kiingereza

Mkuu, umeuliza utachanganyaje maandishi ya Kijapani na Kiingereza kwenye nembo ya mgahawa ulioko Masaki, Dar, na malipo uyadai vipi. Kwanza usikopi herufi kwenye picha za mtandaoni. Kijapani kina aina tatu za maandishi: hiragana, katakana na kanji (hizi zina asili ya Kichina), na majina ya kigeni kwa kawaida huandikwa kwa katakana. Jina la mteja wako kama si la Kijapani liandike kwa katakana. Fonti, yaani seti ya herufi za kompyuta, chukua Noto Sans JP, ni ya bure hata kwa kazi ya biashara. Ukitumia ya Kichina, baadhi ya kanji zitatoka na umbo jingine, na Mjapani ataliona papo hapo. Mimi niliwahi kugeuza herufi moja kichwa chini, bango likachapwa hivyohivyo Kariakoo. Gharama ya kuchapa upya nililipa mwenyewe!

Upande wa Kiingereza, tazama herufi za mbunifu Edward Johnston za treni za chini ya ardhi za London, 1916. Nyepesi kusoma, hazigombani na katakana. Duara jekundu na maua ya cheri, alama zilezile za Japani, achana navyo, vimechosha.

Malipo: nusu kwa M-Pesa kabla hujagusa kompyuta. Faili za mwisho akimaliza salio, hata akiwa shemeji yako.