Kabla ya pesa, wape majina yao

Ndugu yangu, umeuliza kama uwalipe watu wanaoziacha kompyuta zao zifanye hesabu za utafiti wako, kwa kuwa umeme na bando wanalipa wenyewe. Ningekuwa wewe, nisingeanza na pesa.

Tazama Einstein@Home, mradi wa elimu ya nyota unaotumia kompyuta za watu wa kujitolea kama hao wako. Mwaka 2010 ulipogundua pulsa, yaani mabaki ya nyota yanayozunguka kwa kasi na kutoa mawimbi ya redio, watafiti waliwataja hadharani wenye kompyuta zilizoinasa ishara ile: mume na mke wa Marekani, na mtu mmoja wa Ujerumani. Umeacha kompyuta ikiwaka nyumbani, jina lako linaingia katika historia ya elimu ya nyota! Ahidi hilo, na ukiahidi, timiza.

Alama nazo weka, kwa kila kazi ambayo kompyuta ya mtu imemaliza; watu hupenda kushindana kwa timu. Ila chochote chenye thamani huvuta wadanganyifu wanaorudisha majibu ya kubuni. Kwa hiyo tuma kila kazi kwa kompyuta za watu wawili tofauti, linganisha majibu, ndipo utoe alama. BOINC, programu ya kuendeshea miradi ya namna hii, inaweza kukufanyia hivyo.

Pesa ikibidi, fuata GIMPS, mradi mwingine wa kujitolea unaosaka namba tasa za Mersenne, yaani namba tasa zinazopatikana kwa kuzidisha 2 kwa 2 mara nyingi kisha kutoa 1: hutoa dola 3,000 kwa atakayegundua namba mpya, si ujira wa kila saa.

Na tafadhali, waandikie mara kwa mara. Mradi mmoja niliuacha kwa sababu miezi ilipita bila hata neno moja kutoka kwao.