Kabla hujashika spana: kwa mnaoanza na baiskeli za kale za mbio hapa Dodoma

Peugeot PX-10 yangu, baiskeli ya mbio ya Kifaransa, niliikuta kwenye lundo la mitumba, imelaliwa na baiskeli za watoto, weupe wake umegeuka rangi ya vumbi. Muuzaji alitaka shilingi 120,000 nikampa bila kuomba apunguze, kwa sababu nilishaiona stika ndogo kwenye bomba la kiti: Reynolds 531. Mtaikuta sana stika hiyo. Ni mabomba ya chuma yaliyoanza kutengenezwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1935, manene kidogo kwenye ncha na membamba katikati, ndiyo maana fremu inakuwa nyepesi bila kulegea. Eddy Merckx, yule bingwa wa Ubelgiji, alipokuwa kijana kwenye timu ya Peugeot alishinda mbio za Milan–San Remo za Italia mara mbili mfululizo, 1966 na 1967. Mimi nilikuwa nimeshika ndugu wa baiskeli za timu ile, niko Dodoma, na mfukoni bado nina nauli ya bajaji.

Wiki hiyohiyo niliiharibu.

Vikombe vya krenki, vile vinavyofungwa kwenye fremu kushika ekseli ya krenki, vilikuwa vimelika. Nikaipeleka kijiweni kwa fundi ninayemheshimu, akachagua vikombe vipya. Cha kushoto kikaingia mizunguko miwili, kikakaza. "Kaka, hii ni kutu tu, niongeze nguvu?" Nikamwambia aongeze. Akachomeka bomba kwenye mpini wa spana, akalalia. Pakasikika mlio mkavu, kama msumeno unapogusa bati, na chini kwenye gazeti vikadondoka vinyuzi vya chuma vinavyong'aa. Zilikuwa hesi za fremu yangu, ile mikato ya mzunguko ambamo kikombe hujifunga. Yule fundi simlaumu hata leo. Aliniuliza, na mwenye kupaswa kujua jibu nilikuwa mimi.

Jibu ni hili, na naomba mlishike kuliko yote nitakayosema. Lile bomba fupi la chini linalobeba ekseli ya krenki lina hesi tofauti kulingana na nchi ilikotengenezwa fremu. La Kiingereza lina upana wa milimita 68, na kikombe cha upande wa cheni hufungwa kinyume, yaani ukitaka kukifungua unazungusha kuelekea kulia. La Kifaransa la zamani nalo ni milimita 68, ila pande zote mbili hufungwa kwa kulia. La Kitaliano ni milimita 70, pande zote kulia pia. Kipenyo cha kikombe cha Kiingereza ni kama milimita 34.8, cha Kifaransa 35, cha Kitaliano 36. Ona ilivyo karibu: kati ya Mwingereza na Mfaransa ni sehemu mbili za kumi za milimita. Jicho haliwezi kuona, na upande wa kushoto kikombe cha Kiingereza kinaingia kwenye fremu ya Kifaransa kwa upole kabisa, mzunguko wa kwanza, wa pili, halafu kinaanza kukata.

Kwa hiyo weka rula kwanza. Ukipata 70, umeshajua ni Mtaliano. Ukipata 68, chukua kitambaa chenye mafuta ya taa, sugua uso wa kikombe cha zamani, usome. Mara nyingi pameandikwa: 35 x 1 kwa Mfaransa, 1.37 x 24 kwa Mwingereza, 36 x 24 kwa Mtaliano. Andika kwenye daftari kabla hujagusa spana. Tabia hiyohiyo iende kwenye pedali, maana Wafaransa walitumia milimita 14 wakati wengine wengi walitumia inchi 9/16, na kwenye shingo ya usukani, milimita 22.0 dhidi ya 22.2. Kitu kikikataa kuingia kwa vidole viwili, simama. Kinakwambia jambo.

PX-10 niliiokoa baadaye kwa ekseli ya aina isiyohitaji hesi, ile inayojitanua na kubana ndani ya bomba. Inafanya kazi vizuri. Lakini kila nikiigeuza juu chini naona zile hesi zilizoliwa.

Kabla ya kununua, fanya vitu viwili ambavyo havina gharama. Cha kwanza, pitisha kidole gumba chini ya bomba la chini, lile refu linaloshuka kutoka kichwa cha fremu hadi krenki, nyuma tu ya kichwa hicho, taratibu, ukiwa umefumba macho ukitaka. Ukihisi kiuvimbe, au rangi imepasuka kwa mstari wa kukatiza bomba, baiskeli hiyo iliwahi kugonga kitu kwa mbele. Iache, hata kama muuzaji anaapa. Cha pili ni uzi wa mshonaji. Funga ncha moja kwenye mkato wa fremu unaoshika ekseli ya tairi la nyuma, upande mmoja, uzungushe kwenye kichwa cha fremu, urudishe upande wa pili na kuukaza. Kisha pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Zikilingana, fremu imenyooka nyuma. Zikipishana milimita mbili au tatu fundi mzuri ataivuta, kwa kuwa chuma husamehe. Zaidi ya hapo, mimi naondoka.

Nguzo ya kiti ikigoma kutoka, msiipige nyundo. Nguzo ni ya alumini, fremu ni chuma, na metali hizi mbili zikikaa pamoja na unyevu huumana mpaka zinakuwa kama kitu kimoja. Baiskeli zilizoishi pwani ndizo zinazonisumbua zaidi kuliko za kwetu huku kukavu. Geuza fremu kichwa chini, mimina mafuta ya kulegeza kutu kupitia bomba la krenki, acha usiku kucha, rudia siku tatu nne. Halafu bana kichwa cha nguzo kwenye jiliwa na uizungushe fremu yenyewe kwa mikono miwili, kwa utulivu. Ikitoka, isirudi bila grisi.

Kuhusu rangi nitakuwa mkali. Vijana wengi wakishanunua tu wanakimbilia kupuliza rangi mpya, fremu ing'ae kwenye picha. Rangi ya kiwandani ikipotea hairudi, pamoja na michirizi yake na stika zake. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, ipake nta, ikae na mikwaruzo yake. Na msikubali isafishwe kwa kupulizwa mchanga: bomba la Columbus SL, ambalo Waitaliano walilipenda sana, katikati lina unene wa milimita 0.6 tu. Kwa sababu hiyohiyo, fremu hizi haziguswi na welding ya umeme. Viungo vyake viliunganishwa kwa shaba au fedha iliyoyeyushwa, kwa joto ambalo chuma chenyewe hakiyeyuki.

Krenki za alumini pia zina mwisho wake. Za Record za zamani, za kampuni ya Kitaliano ya Campagnolo, ni nzuri kuliko chochote nilichowahi kushika, lakini zinajulikana kupasuka pale mkono unapokutana na matawi yanayobeba gia. Safisha kona hiyo, mulika na tochi, tafuta ufa mwembamba kama unywele. Ukiuona, itundike ukutani.

Wengine huuliza ya kale maana yake nini. Sisi tunafuata waendeshaji wa L'Eroica, msafara wa baiskeli za kale wa kule Gaiole in Chianti, Italia, waliokusanyika mara ya kwanza 1997: baiskeli ya barabara iliyotengenezwa kabla ya 1987, vishikio vya gia viwe kwenye bomba la chini, nyaya za breki zipite nje juu ya usukani.

Sasa barabarani. Tunatoka saa 12 asubuhi kwenda Chamwino, kabla upepo na malori ya Morogoro hayajaamka. Adui wa hapa ni mbigili. Mvua zikikatika ule mmea unaotambaa wenye maua ya njano hukauka, na miba yake hujaa ukingoni mwa lami. Ukitaka kupumzika, ibebe baiskeli begani, usiisukume kwenye vumbi hata hatua tatu. Ukipata pancha, kabla ya kuweka mpira mwingine pitisha kipande cha pamba ndani ya tairi: kitanasa kwenye mwiba ambao kidole hakikuuhisi. Solusheni iache ikauke kwanza ndipo uweke kiraka, hata kama wenzako wanakusubiri. Na beba adapta ya valvu nyembamba, la sivyo pampu ya kijiweni haitakusaidia.

Gia za zamani ni nzito. Meno 42 mbele na 24 nyuma yanatosha mpaka Chamwino na hata Bahi, lakini yeyote anayeota safari ya Iringa, ajue kwamba ukishavuka Mtera kuna Nyang'oro. Gia ya nyuma ya Nuovo Record, ya Campagnolo haohao, inabeba mpaka meno 26, basi weka 26. Magoti yako ni ya zamani kuliko unavyodhani.

Ukiokota fremu yako ya kwanza, dada au kaka, usiioshe kwanza. Njoo nayo Jumamosi na uchafu wake wote, na kila nati iliyodondoka ndani ya kopo. Chini ya tope ndiko mara nyingi tunakuta namba ya fremu na ile stika, nasi tutakuwa na rula na uzi.