Andika Jibu Kabla ya Kuendesha: Kuanza Upimaji wa Programu Chuoni

Wanafunzi wengi wa mwaka wa pili huendesha programu, hutazama jibu lililotoka, kisha hulinakili ndani ya jaribio, yaani msimbo mfupi unaoikagua programu, kama ndilo linalotarajiwa. Jaribio la namna hiyo litapita daima, hata kama programu imekosea tangu siku ya kwanza. Ni kusahihisha mtihani kwa kutumia karatasi ya mtahiniwa mwenyewe. Jibu linalotarajiwa hutoka kwenye maelezo ya kazi, na huandikwa kabla programu haijaendeshwa.

Chukua zoezi dogo la lugha ya Python, kitendakazi (function) daraja(alama), kinachopokea alama za mtihani na kurudisha daraja. Maelezo yanasema 70–100 ni A, 60–69 B, 50–59 C, 40–49 D na 0–39 F. Nje ya hapo kitoe ValueError, hitilafu ya Python ya thamani isiyofaa. Gawa namba katika makundi ambayo programu inapaswa kuyatendea sawa: matano halali na mawili batili, yaani chini ya 0 na juu ya 100. Namba moja kwa kila kundi inakupa majaribio 7. Hayatoshi, kwa kuwa kasoro hupenda kukaa mipakani, pale mwandishi anapochanganya > na >=. Ongeza pande zote mbili za kila mpaka: -1, 0, 39, 40, 49, 50, 59, 60, 69, 70, 100, 101.

Na 69.5 je? Maelezo yamekaa kimya. Kama msimbo una 60 <= alama <= 69 kwa B na alama >= 70 kwa A, namba hiyo haiingii popote; na kama else ya mwisho (tawi la yote yaliyobaki) inarudisha F, aliyebakiza nusu alama apate A anaambiwa amefeli. Hapo kasoro imeanzia kwenye maelezo, na kuigundua ni kazi ya mpimaji pia. Usijiamulie mwenyewe. Muulize aliyetoa kazi, kisha jibu lake liwe jaribio.

Mipaka mingine haimo kwenye maelezo kabisa, imo kwenye aina ya data. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliharibika muda mfupi baada ya kuruka kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa: namba ya biti 64 iliyotokana na mwendo wa mlalo ilibadilishwa kuwa ya biti 16, ambayo haivuki 32,767. Msimbo huo ulikuwa umetumika bila tatizo katika Ariane 4, iliyokuwa na mwendo mdogo zaidi wa mlalo.

Tumia pytest, zana ya Python ya kuendesha majaribio. Wanaopenda majina ya Kiswahili hujikwaa hapa: bila kubadilishiwa mipangilio, pytest hutafuta faili zinazoanza na test_ au kuishia na _test.py, na ndani yake vitendakazi vinavyoanza na test. Ukikiita jaribu_mpaka_wa_A, kitarukwa kimyakimya, nawe utadhani kimepita. Kiite test_mpaka_wa_A. Usirundike assert 12, yaani mistari inayodai jibu liwe fulani, katika kitendakazi kimoja. Ya kwanza ikianguka, zilizobaki haziendeshwi. Zipange kwa pytest.mark.parametrize, inayofanya kila namba kuwa jaribio lake, na -1 na 101 zipimwe kwa pytest.raises(ValueError), inayothibitisha kwamba hitilafu hiyo imetolewa.

Halafu kuna asilimia ya mistari iliyopitiwa, ambayo huwalevya wengi. Yale majaribio 7 ya mwanzo yanaweza kupita kila mstari na kukupa 100%, ilhali msimbo una > 70 badala ya >= 70: 95 ni A kwa vyovyote vile. Dawa ni kuharibu kwa makusudi. Badili alama moja ya ulinganisho, endesha majaribio. Yote yakipita, mpaka huo hauna mlinzi. Rudisha alama, ongeza jaribio, nenda kwenye ulinganisho unaofuata. Zoezi hili linafundisha kuliko kukariri tafsiri za maneno usiku wa kuamkia mtihani.

Mengine ni ya kuangalia tu. Katika Python 0.1 + 0.2 si sawa kabisa na 0.3, kwa hiyo desimali zilinganishwe kwa pytest.approx, inayokubali tofauti ndogo sana. Kitendakazi cha wastani kipewe orodha tupu, maana kugawa kwa sifuri kunasubiri humo. Na kinachokokotoa umri kipokee tarehe kama kigezo; kikisoma saa ya kompyuta chenyewe, jaribio linalopita leo litaanguka mwakani bila mtu kugusa msimbo.